SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: MTIHANI WA AJIRA, MATUMIZI YAKE NA NAMNA YA KUUPIMA

Kila inapotangazwa nafasi ya kazi katika utumishi wa umma, waombaji huwa wengi na nafasi huwa chache. Mtihani na usaili ndivyo vinavyoamua nani aingie kazini na nani arudi nyumbani. Kwa anayechaguliwa, uamuzi huo ni riziki ya familia kwa miaka mingi. Kwa asiyechaguliwa, huenda ukawa ni nauli ya boti kutoka Pemba iliyopatikana kwa kukopa, na siku kadhaa za kulala kwa jamaa mjini. Kwa mwananchi anayengojea huduma, uamuzi huo huo ndio utakaojulisha iwapo dawa zitakuwepo kituoni na iwapo jalada lake litaonekana masjala.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni maafisa wanaotayarisha mitihani, wajumbe wa kamati za usaili na wakuu wa sehemu wanaopokea watumishi wapya. Kundi la pili ni wananchi wanaoomba kazi, ambao wana haki ya kufahamu wanapimwa kwa kipimo gani na kwa sababu gani. Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mtihani nao ni kitu cha kupimwa. Afisi inayompima mwombaji bila ya kuupima mtihani wake inafanya nusu ya kazi.

1. Maana ya mtihani wa ajira

Watu wengi wanaposikia neno mtihani hufikiria karatasi ya maswali na chumba chenye msimamizi. Katika mambo ya ajira, maana yake ni pana zaidi. Mtihani ni utaratibu wowote unaotumiwa kumchagua mtu au kumwacha. Kwa hivyo, mtihani wa maandishi ni mtihani. Usaili wa ana kwa ana ni mtihani. Jaribio la kuendesha gari au kupiga chapa ni mtihani. Na hata sharti la kuwa na cheti fulani, umri fulani au uzoefu wa miaka fulani ni mtihani pia, kwa kuwa linawaondoa baadhi ya waombaji kabla hawajaonekana.

Jambo hili lina uzito. Afisi inaweza kuwa na mtihani wa maandishi uliotungwa kwa uangalifu mkubwa, na huku waombaji wazuri wamekwisha kuondolewa na sharti moja dogo katika tangazo ambalo hakuna aliyejiuliza limetoka wapi.

2. Historia kwa ufupi

Mitihani ya kuingia utumishi ni jambo la kale. Nchini China, mitihani ya kuchagua maafisa wa dola ilianza zama za utawala wa Sui, karibu na mwaka 605, ikaendelea kwa takriban miaka 1,300 hadi ilipofutwa mwaka 1905. Nchini Uingereza, Stafford Northcote na Charles Trevelyan walitoa ripoti yao mwaka 1854, wakipendekeza watumishi wa Serikali wachaguliwe kwa mtihani wa ushindani badala ya kujuana. Tume ya utumishi iliundwa mwaka uliofuata, na mwaka 1870 ushindani wa wazi ukawa ndio njia ya kawaida katika idara nyingi.

Nchini Marekani, mambo yalihitaji msiba. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekuwa na kinyongo cha kukosa kazi ya Serikali aliyoitaraji, na akafariki mwaka huo huo. Mwaka 1883 ikapitishwa Sheria ya Pendleton, iliyoanzisha mitihani kwa sehemu ya nafasi za utumishi wa Serikali Kuu.

Katika nchi zote tatu, shabaha ilikuwa ni kuondoa upendeleo. Hata hivyo, historia hiyo inatufundisha jambo la pili. Katika karne za mwisho za mitihani ya China, watahiniwa walishindana kuandika insha za mtindo maalumu juu ya vitabu vya kale, ingawa kazi iliyowangoja ilikuwa kukusanya kodi, kusikiliza kesi na kusimamia mifereji. Mtihani ulikuwa mgumu na ulisimamiwa kwa ukali, lakini ulikuwa mbali na kazi. Kuondoa upendeleo ni hatua ya kwanza. Kupima kinachohitajika ni hatua ya pili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

3. Kesi iliyobadilisha fikra

Kesi inayotajwa mara nyingi katika somo hili ni ile ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Inafaa kuisoma kwa utulivu, kwa sababu kosa lililofanyika pale linaweza kufanyika popote.

Katika kituo cha umeme cha Dan River, jimbo la North Carolina, kulikuwa na wafanyakazi 95, na 14 kati yao walikuwa watu weusi. Hao 14 waliwekwa katika idara ya vibarua tu, ambamo kazi yenye malipo makubwa kabisa ililipwa chini ya kazi yenye malipo madogo kabisa katika idara nyingine. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi wa aina hiyo, na sehemu yake ya ajira ilianza kutumika tarehe 2 Julai 1965. Siku hiyo hiyo kampuni iliweka sharti jipya: anayetaka kuajiriwa nje ya idara ya vibarua lazima afaulu mitihani miwili, mmoja wa akili kwa jumla na mwingine wa ufahamu wa mitambo, pamoja na kuwa na cheti cha skuli ya sekondari.

Kwa sura, sharti hilo lilimgusa kila mtu kwa usawa. Kwa matokeo, halikuwa hivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 1960 katika jimbo hilo ilionesha kwamba wanaume weupe waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 34, na weusi walikuwa asilimia 12. Aidha, wafanyakazi weupe walioingia kabla ya sharti hilo, ambao hawakuwa na cheti wala hawakufanya mtihani, waliendelea kufanya kazi zao vizuri na kupandishwa vyeo. Kampuni haikuweza kuonesha kwamba cheti au mitihani ile ilihusiana na uwezo wa kuifanya kazi.

Mahakama iliamua kwa kauli moja dhidi ya kampuni. Msingi wa uamuzi ulikuwa kwamba nia njema peke yake haitoshi. Mtihani unaowaondoa watu wa kundi moja kwa wingi lazima uthibitishwe kuwa unahusiana na kazi. Unatakiwa umpime mtu kwa kazi anayoiomba, na si kumpima mtu hivi hivi.

Hukumu hiyo ni ya Marekani na haiifungi nchi yetu. Hata hivyo, msingi wake si mgeni kwetu. Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unakataza ubaguzi katika ajira, na unaeleza kwamba kutofautisha watu kwa mujibu wa mahitaji halisi ya kazi yenyewe si ubaguzi. Maneno ya kushika hapo ni "mahitaji halisi ya kazi".

4. Anza na kazi, usianze na maswali

Kosa linalotendeka mara nyingi ni la kutunga maswali kabla ya kuichambua kazi. Mtungaji huchukua karatasi ya mwaka uliopita, akabadilisha machache, akaongeza swali la habari za dunia. Utaratibu ulio sahihi huanza kwa kuorodhesha kazi zinazofanywa kila siku, kisha maarifa na uwezo unaotakiwa kwa kila kazi, kisha ndipo kuchagua njia ya kupima.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala la dawa katika kituo cha afya. Kazi zake ni kupokea dawa na kuzilinganisha na hati ya mapokezi, kuandika leja, kupanga dawa ili zinazokaribia kuisha muda zitoke mwanzo, kutazama joto la jokofu la chanjo, na kuagiza kabla dawa hazijamalizika. Kutokana na orodha hiyo, tunaona kwamba anahitaji kusoma kwa makini, kufanya hesabu za kujumlisha na kutoa bila ya kukosea, na kuwa mwaminifu katika kumbukumbu.

Mtihani wake basi ujitokeze wenyewe. Apewe hati ya mapokezi yenye kasoro tatu, aambiwe azitafute. Apewe maboksi 12 yenye tarehe mbalimbali za kuisha muda, ayapange. Apewe ukurasa wa leja wenye salio lisilolingana, aeleze kosa liko wapi. Swali la kumtaka ataje mji mkuu wa nchi ya mbali linaweza kuwa gumu, lakini halitamwokoa mgonjwa aliyekuja kituoni akakuta dawa zimeharibika.

5. Uthabiti wa mtihani

Mtihani mzuri una sifa mbili kubwa: uthabiti na uhalali. Uthabiti ni kule kutoa matokeo yale yale kwa mtu yule yule. Mwombaji akipata alama 70 leo na wiki ijayo, bila ya kusoma zaidi, akapata 45, mtihani huo si thabiti.

Njia nyepesi ya kuchunguza uthabiti wa usahihishaji ni hii. Zichukuliwe karatasi 20, zisahihishwe na maafisa wawili, kila mmoja peke yake, bila ya kuona alama za mwenzake wala jina la mtahiniwa. Alama zikikaribiana, mwongozo wa kusahihisha unafaa. Zikipishana sana, kasoro imo katika maswali au katika mwongozo, na mtahiniwa asilipishwe kwa kasoro hiyo.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba hakuna alama iliyo kamili. Tuseme alama za watahiniwa zimetawanyika kwa kiwango cha alama 10, na kipimo cha uthabiti ni 0.84. Kwa hesabu za wataalamu, kosa la kawaida la kipimo hapo ni alama 4. Maana yake ni kwamba mwenye alama 58, uwezo wake wa kweli huenda ukawa popote kati ya 54 na 62. Ikiwa alama ya kufaulu ni 60, hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba mwenye 58 ni dhaifu kuliko mwenye 61. Kwa hivyo, walio karibu na mstari watazamwe kwa kipimo cha pili, kama vile jaribio la vitendo, badala ya kutenganishwa kwa alama moja au mbili.

6. Uhalali wa mtihani

Uhalali ni kule kupima kile kinachokusudiwa kupimwa. Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Pishi iliyobonyea kitako haibadiliki: leo inapima pungufu, na kesho itapima pungufu kwa kiasi kile kile. Ina uthabiti, lakini haina uhalali. Mtihani nao unaweza kutoa matokeo yale yale kila mwaka, na kila mwaka ukawachagua watu wasiostahiki.

Uhalali huthibitishwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ya maudhui: maswali yalinganishwe na orodha ya kazi, moja baada ya moja, na lisilo na asili katika orodha liondolewe. Njia ya pili ni ya matokeo: alama za mtihani zilinganishwe na utendaji wa watumishi baada ya kuajiriwa. Njia ya tatu ni ya sifa: ikiwa mtihani unadai kupima sifa isiyoonekana kwa macho, kama uangalifu au uongozi, uoneshwe ushahidi kwamba kweli unaipima sifa hiyo na si ufasaha wa kusema tu.

Katika njia ya pili hutumika kipimo cha uhusiano, ambacho 0 yake ina maana kwamba alama hazihusiani kabisa na utendaji, na 1 ina maana kwamba zinakwenda pamoja bila ya kosa. Mwaka 1998, Frank Schmidt na John Hunter walitoa muhtasari wa utafiti wa miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake waliurudia uchunguzi wa tafiti hizo na kuona kwamba baadhi ya makadirio ya zamani yalikuwa yamezidishwa. Katika makadirio yao mapya, usaili wenye utaratibu ulipata 0.42, mtihani wa maarifa ya kazi 0.40, jaribio la vitendo 0.33, mtihani wa akili kwa jumla 0.31, na usaili usio na utaratibu 0.19. Hesabu ya miaka ya uzoefu ilipata 0.07 tu.

Takwimu hizo zinatufunza mambo mawili. Kwanza, hakuna njia iliyokaribia 1. Hata iliyo bora kabisa, yenye 0.42, inaeleza takriban sehemu 18 tu kati ya 100 za tofauti za utendaji baina ya watumishi. Anayesema kwamba mtihani wake haukosei, anadai lisilowahi kuonekana. Pili, usaili ule ule, kwa kuwekewa utaratibu tu, uhalali wake unazidi maradufu. Marekebisho hayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji nidhamu.

7. Utaratibu wa usaili

Katika usaili wenye utaratibu, maswali hutungwa mapema kutokana na orodha ya kazi, na kila mwombaji huulizwa maswali yale yale kwa mpango ule ule. Kila swali huwa na maelezo ya jibu dhaifu, jibu la wastani na jibu zuri. Kila mjumbe huandika alama zake kabla ya mazungumzo yoyote. Mwenyekiti akitangulia kusema "huyu kijana ni mzuri," wajumbe wengine humfuata kwa heshima, na kamati ya watu watano hugeuka kuwa kamati ya mtu mmoja.

Visiwa vyetu ni vidogo na watu wake wamechanganyika kwa damu na ndoa. Si ajabu mjumbe kumkuta mbele yake mtoto wa shemegi yake, au kijana wa mtaa wake. Kujuana huko si aibu. Lililo wajibu ni kulitaja jambo hilo mapema, kuliandika katika kumbukumbu za kikao, na kukaa kando anaposailiwa mtu huyo. Maswali ya kuuliza mtu ni mtoto wa nani, ameolewa au la, anatarajia kuzaa lini, au anaunga mkono chama gani, hayana mahali katika usaili, kwa kuwa hayapimi uwezo wa kuifanya kazi.

8. Kuchunguza athari za mtihani kwa makundi

Mwongozo wa uchaguzi wa wafanyakazi uliotolewa nchini Marekani mwaka 1978 uliweka kanuni nyepesi ijulikanayo kwa jina la nne kwa tano. Si sheria ya kwetu, lakini ni chombo kizuri cha kujichunguza. Kanuni inasema hivi: ikiwa kiwango cha kufaulu cha kundi moja kiko chini ya asilimia 80 ya kiwango cha kundi lililofaulu zaidi, kuna dalili inayohitaji uchunguzi.

Tuseme nafasi ya karani wa takwimu imeombwa na wanaume 60 na wanawake 40. Wamefaulu wanaume 30, yaani asilimia 50, na wanawake 12, yaani asilimia 30. Gawanya 30 kwa 50, utapata 0.6. Hicho ni kiwango kilicho chini ya 0.8. Hapo afisi isikimbilie kusema kwamba wanawake hawakujitayarisha, wala isikimbilie kuwaongezea alama. Itazame kila hatua: ni wapi walikopungua? Huenda ikagunduliwa kwamba tangazo lilitaka leseni ya pikipiki, hali karani huyo kazi zake zote ni za mezani. Sharti hilo likiondolewa, kazi haitapungukiwa na kitu, na waombaji wenye uwezo watabakia.

Ikiwa uchunguzi utaonesha kwamba sharti linahitajika kweli, basi libakie na sababu zake ziandikwe. Aidha, hesabu zikiwa ndogo, kwa mfano waombaji watano au sita, tofauti inaweza kutokea kwa bahati tu. Katika hali hiyo ni bora kukusanya matokeo ya mitihani kadhaa kabla ya kutoa hukumu.

Uchunguzi huu unahitajika hata pale uchaguzi unapofanywa kwa kompyuta. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon iliacha programu ya majaribio ya kuchuja maombi ya kazi, baada ya kugundulika kwamba programu hiyo, iliyofunzwa kwa maombi ya miaka iliyopita ambayo mengi yalitoka kwa wanaume, ilikuwa ikiwashusha wanawake. Mashine hurithi mazoea ya waliotangulia.

9. Mazingira ya kufanyia mtihani

Mtihani uliotungwa vizuri unaweza kuharibiwa na namna unavyofanywa. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Lugha ya mtihani iwe ile inayotumika kazini. Ikiwa dereva atazungumza Kiswahili kazini siku zote, mtihani wa kanuni za barabarani kwa Kiingereza utapima Kiingereza chake, na si udereva wake.

(b) Tangazo lielezee aina ya mtihani, mahali, saa na vitu vya kuchukua, na litolewe kwa muda wa kutosha. Inapowezekana, mtihani ufanyike Unguja na Pemba kwa siku moja na saa moja, ili umbali usiwe sharti la siri.

(c) Mwombaji mwenye ulemavu aulizwe mapema anahitaji nini. Karatasi yenye maandishi makubwa, chumba cha chini, mkalimani wa lugha ya alama au muda wa ziada haviondoi ugumu wa mtihani. Vinaondoa kizuizi kisichohusu kazi.

(d) Karatasi za maswali zihifadhiwe kwa kufuli, na majina ya waliozishika yaandikwe. Mtihani uliovuja haufai tena, na kuurudia ni nafuu kuliko kuajiri kwa matokeo yake.

(e) Matokeo ya mtu ni siri yake. Yasibandikwe kwa namna ya kumuaibisha aliyeshindwa, wala yasizungumzwe barazani.

10. Kufanya uamuzi

Uamuzi wowote wa ajira una hatari za aina mbili. Ya kwanza ni kumchukua asiyeweza. Ya pili ni kumwacha anayeweza. Hatari ya kwanza huonekana, kwa sababu mtumishi dhaifu yupo na makosa yake yapo. Ya pili haionekani, kwa kuwa aliyeachwa amekwenda zake. Ndiyo maana afisi nyingi hupandisha alama ya kufaulu bila ya kufikiri, zikidhani kwamba zinajilinda.

Alama ya kufaulu itokane na kazi. Kwa dereva wa gari la wagonjwa, kushindwa kusoma alama za barabarani kusifidiwe na ufasaha wa maneno. Hilo ni sharti la lazima. Kwa afisa mapokezi, udhaifu mdogo katika hesabu unaweza kufidiwa na upole na usikivu. Kamati iamue mapema, na kwa maandishi, lipi ni la lazima na lipi linaweza kufidiwa. Kuamua baada ya kuyaona majina ni kufungua mlango wa upendeleo.

Vile vile, uamuzi usitegemee kipimo kimoja. Mtihani wa maandishi, jaribio la vitendo na usaili wenye utaratibu vikitumiwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake.

11. Kuupima mtihani baada ya ajira

Kazi haimaliziki kwa barua ya ajira. Kipindi cha majaribio kinapokwisha, alama za mtihani zilinganishwe na tathmini ya mtumishi iliyotolewa na mkuu wake. Mkuu huyo asioneshwe alama za mtihani kabla ya kuandika tathmini, la sivyo ataandika anachokitarajia badala ya anachokiona.

Katika kulinganisha huko, iko tahadhari moja. Tunaowaona kazini ni wale waliofaulu tu, walioshindwa hatuwaoni. Kwa hivyo tofauti baina ya watumishi huonekana ndogo, na mtihani huonekana dhaifu kuliko ulivyo. Kumbukumbu za miaka kadhaa zikiwekwa pamoja, picha huwa wazi zaidi. Swali ambalo wote wenye utendaji mzuri na wote wenye utendaji mbaya walilijibu sawasawa halina faida, na linaweza kuondolewa.

12. Nasaha kwa waombaji

Mwombaji anashauriwa asome tangazo lote na aorodheshe kazi zilizotajwa, kwani mtihani wa haki hutoka humo. Awe tayari kutoa mfano wa kazi aliyoifanya, si sifa peke yake. Anapohitaji msaada kwa sababu ya ulemavu au maradhi, aseme kabla ya siku ya mtihani. Asipochaguliwa, aulize kwa adabu na kwa maandishi ni katika eneo gani alipungukiwa, na afisi nayo imjibu. Na asimpe mtu fedha kwa ahadi ya kumpitisha. Anayeuza nafasi ya kazi anauza kisichokuwa chake.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti baina ya uthabiti na uhalali, na utoe mfano wa mtihani wenye sifa moja bila ya nyingine.

2. Andika kazi tano za mlinzi wa skuli, kisha utunge jaribio moja la vitendo kwa kila kazi.

3. Waombaji wa mjini ni 50, wamefaulu 25. Waombaji wa shamba ni 50, wamefaulu 20. Je, kanuni ya nne kwa tano imevunjwa? (Jibu: viwango ni asilimia 50 na 40, 40 kwa 50 ni 0.8, hivyo haijavunjwa, lakini imefika mpakani na inastahiki kuangaliwa.)

4. Chukua tangazo la kazi lililotolewa na afisi yako karibuni. Kwa kila sharti, andika ni kazi gani inayolihitaji. Masharti yasiyopata jibu ni mangapi?

Wakuu wa sehemu wanaombwa kulibandika somo hili katika mbao za matangazo, na kulijadili katika vikao vya watumishi kabla ya kutangaza nafasi nyingine za kazi.